Hamira, Ukungu wa Mahindi na Ini Lako

Mwezi huu nataka kujibu swali nililoulizwa kliniki, hapa Katesh, siku ya kupima watoto uzito. Mama mmoja anayekaanga maandazi sokoni alikuwa amemleta mwanawe wa wiki 6 kwa chanjo ya kwanza ya pentavalenti. Bomba la sindano lilikuwa tayari mkononi mwangu. Mama akamfunika mtoto kwa khanga, akasema: "Nesi, ngoja kwanza. Nimesikia redioni kwamba chanjo ya ini inatengenezwa kwa hamira. Hamira si ndiyo hii ninayoumulia maandazi, na ndiyo inayofanya pombe iwe kali? Sasa mnamchoma mwanangu pombe?"

Akina mama kwenye benchi walicheka. Mimi sikucheka, maana yule mama alikuwa amemshika mtoto kwa nguvu, na niliona kwamba bila jibu angeinuka akaondoka. Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jibu lile lilimtosha yeye, lakini mimi lilinibakia moyoni. Swali lilikuwa zuri kuliko jibu. Leo basi nalijibu kwa kirefu.

HAMIRA NI KITU GANI?

Hamira si unga, ingawa tunainunua dukani kama unga. Ni viumbe hai. Kila punje ndogo ya hamira ina chembe hai nyingi mno, na kila chembe ni kiumbe kamili kinachojitegemea. Chembe hizo ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga mstari mmoja zipatazo 200, urefu wake ni kama milimita 1 tu. Ziko katika ukoo wa fangasi, pamoja na uyoga tunaookota wakati wa mvua, ukungu unaoota kwenye mkate uliokaa, na ile fangasi ya mapunye kichwani kwa watoto.

Hamira ikiwa kavu imelala. Ukiitia katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, huamka, hula sukari na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoumua unga. Mama yeyote anajua kwamba maji yakiwa ya moto sana maandazi hayaumuki. Sababu ni kwamba kazi zote za hamira hufanywa na protini zilizo ndani yake, na protini ikipata moto mkali hugeuka kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango. Ute wa yai ulioiva haurudi kuwa maji tena, na hamira iliyoungua haiamki tena.

Hapo tumefika kwenye neno lenyewe: protini. Tumezoea kufundishwa kwamba protini ni maharage, maziwa, nyama na mayai, vyakula vya kujenga mwili. Ni kweli. Lakini protini unayokula haiingii mwilini kama ilivyo. Tumbo huivunja vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na kila chembe ya mwili huviunga upya ikatengeneza protini yake yenyewe. Chembe ya hamira nayo hutengeneza protini zake, na namna inavyofanya inafanana sana na namna ya chembe zako wewe na mimi.

REJISTA, NAKALA NA SHANGA

Fikiri ofisi ya parokia. Mle ndani kuna rejista ya ubatizo. Rejista haitolewi nje hata ukiomba namna gani. Ukihitaji cheti, karani huifungua, hutafuta mstari wako, huandika nakala, na nakala ndiyo unayoondoka nayo.

Chembe ya hamira ina ofisi ya namna hiyo, inaitwa kiini. Humo imetunzwa rejista yake, yaani DNA, uzi mrefu wenye maagizo yote ya urithi. Kwa hamira uzi huo umegawanyika katika vitabu 16. Mwaka 1996 wataalamu walimaliza kuusoma wote, wakakuta maagizo yapatayo 6,000. Kila agizo linaeleza namna ya kutengeneza protini fulani. Protini inapohitajika, kiini hutoa nakala ya agizo lile moja tu. Nakala hiyo huitwa RNA, nayo hutoka nje ya kiini kwenda mahali pa kazi.

Mahali pa kazi kuna mafundi wadogo waitwao ribosomu. Ninapowaeleza wanafunzi wa uuguzi, huwakumbusha mama wa Kibarbaig anayetunga shanga kwenye vazi la ngozi. Anazo shanga za rangi mbalimbali pembeni, na anajua ni ipi ifuate ipi. Akikosea moja, ua zima linapotea. Ribosomu nayo huunga asidi amino moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi. Rangi za shanga ni 20. Mpangilio unatoka kwenye ile nakala, ambayo maneno yake yote yana herufi tatu tatu. Kwa kuwa herufi zenyewe ni nne tu, maneno yanayoweza kuandikwa ni 64: mengi yanataja ni shanga gani iwekwe, na matatu yanasema "acha, kazi imekwisha."

Kazi hiyo inakwenda haraka. Fundi mmoja huweza kuunga shanga kadhaa kwa sekunde moja, na chembe ya hamira inayokua vizuri inao mafundi karibu laki 2. Uzi ukikamilika haubaki umenyooka. Hujikunja ukawa na umbo lake, na umbo ndilo linaloipa protini kazi yake. Moja hukata sukari, nyingine hujenga ukuta wa chembe, nyingine husafirishwa hadi nje. Ukungu una protini nyingi za namna hii ya mwisho. Hauna mdomo wala tumbo, kwa hiyo humwaga protini zake za kumeng'enya juu ya hindi au mkate, chakula kikalainika hukohuko nje, halafu ndipo ukakifyonza. Ndiyo maana mkate wenye ukungu huwa mlaini na unyevunyevu pale ulipoota.

Sasa lipo jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Lugha ya yale maneno ya herufi tatu ni ile ile kwa hamira, kwa ng'ombe, kwa mbuyu na kwa binadamu. Ukimpa fundi wa hamira nakala iliyotoka kwa kiumbe kingine, ataisoma na kutunga protini ya huyo mwingine bila kujua kuwa si yake. Kuna tofauti chache tu duniani, na mojawapo tunaishi nayo: fangasi iitwayo Kandida, ile inayoleta utando mweupe vinywani mwa watoto wachanga, husoma neno moja kati ya yale 64 kinyume na wengine, ikaweka shanga ya rangi nyingine. Yenyewe inaishi vizuri tu.

UKURASA ULIOAZIMWA

Homa ya ini ya aina B huletwa na kirusi. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe au kisu cha tohara kinachotumiwa na wengi, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kwa kusalimiana mikono. Kirusi hiki ni sugu; katika tone la damu lililokauka huweza kukaa siku 7 kikiwa bado kinaambukiza. Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili hukishinda. Mtoto mchanga akikipata, watoto 9 kati ya 10 hubaki nacho maisha yote. Mtoto huyo hucheza, husoma, huoa au huolewa, na ini huanza kuharibika polepole bila maumivu. Tunampokea wodini akiwa na miaka 35 au 40, tumbo limejaa maji, na watoto wake bado wadogo.

Mwaka 1996, nikiwa muuguzi kijana, nilijichoma kidole kwa sindano niliyokuwa nimetoka kumchomea mgonjwa mwenye macho ya manjano. Kipimo hatukuwa nacho, na chanjo kwa wauguzi ilikuwa kitu cha kusomwa vitabuni. Kwa miezi sita nilijitazama macho kwenye kioo kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Baadaye nilipata kupimwa nikakutwa salama. Tangu hapo sijawahi kumwona mtu anayechezea sindano iliyotumika nikanyamaza.

Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu ilianza kutumika Marekani mwaka 1981. Ilitokana na damu ya watu waliokuwa na kirusi. Damu ilichujwa, ikasafishwa kwa dawa kali, wakabakiza protini ya koti la nje la kirusi. Ilifanya kazi. Lakini ilikuwa ghali, damu yenyewe ilikuwa ya kutafutwa, na miaka hiyohiyo Ukimwi ukatokea, watu wakaogopa chochote kilichotoka katika damu ya mwingine.

Wataalamu wakajiuliza: hilo koti si ni protini tu? Kwa nini tusimpe fundi mwingine alitunge? Walijaribu kwanza bakteria, koti halikutoka vizuri. Mwaka 1982 wataalamu huko Marekani, wakiwemo Pablo Valenzuela, mzaliwa wa Chile, na William Rutter, walitangaza kwamba wamefaulu kwa kutumia hamira. Walichukua lile agizo moja tu linaloeleza koti la kirusi, wakaliweka kwenye kipete kidogo cha DNA, wakakiingiza ndani ya chembe za hamira. Ni kama kubandika ukurasa mmoja wa kuazima ndani ya rejista. Hamira ikatoa nakala kama kawaida, ribosomu zikatunga shanga 226 kwa utaratibu ulioandikwa, na protini zile zikajikusanya zenyewe kuwa vidude vya mviringo vinavyofanana na koti la kirusi. Ndani mlikuwa mtupu. Ni kanzu bila mvaaji.

Kiwandani hamira hiyo hukuzwa ndani ya matangi makubwa, chembe hupasuliwa, zile kanzu hutolewa na kusafishwa. Mwaka 1986 Marekani iliruhusu chanjo hiyo, nayo ikawa chanjo ya kwanza ya binadamu kutengenezwa kwa njia hii. Hapa Tanzania watoto walianza kupewa kinga ya homa ya ini B mwaka 2002, ikiwa imechanganywa na ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Mwaka 2009 ikaongezwa kinga ya bakteria wa Hib wanaoleta kichomi na homa ya uti wa mgongo, zikawa tano katika sindano moja. Ndiyo maana inaitwa pentavalenti. Siku hizi viwanda vingine hutumia hamira ya mikate, vingine jamaa zake wa karibu, lakini njia ni ileile.

Kwa hiyo jibu kwa mama wa maandazi ni hili. Pombe hutokana na hamira kula sukari. Ndani ya chupa ya chanjo hakuna pombe inayochachuka, na hakuna hamira hai. Kuna kanzu tupu ya kirusi, iliyofumwa na hamira. Askari wa mwili wa mtoto huiona, huikariri, na siku kirusi chenyewe kikija kimevaa kanzu ile hukitambua mlangoni. Kanzu tupu haiwezi kuleta ugonjwa kwa sababu hakuna aliyeivaa. Yanaweza kubaki mabaki machache sana ya protini za hamira, na kwa sababu hiyo mtu ambaye mwili wake huikataa hamira vibaya, akavimba au kukosa pumzi, ni lazima atuambie kabla ya sindano. Ni wachache mno. Ukila mkate bila shida, huna haja ya wasiwasi huo.

Si chanjo hii peke yake. Insulini wanayojidunga wagonjwa wengi wa kisukari hutungwa na hamira. Zamani ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe. Na moja ya chanjo za kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, iitwayo Gardasil, nayo ni kanzu ya kirusi iliyofumwa na hamira. Wasichana wetu walianza kupewa chanjo ya saratani hiyo nchi nzima mwaka 2018. Nimesikia maneno mengi sokoni kwamba inafunga uzazi. Ndugu wazazi, kanzu tupu haina njia ya kufunga uzazi. Saratani yenyewe ndiyo inayoondoa kizazi, na mara nyingine mama mwenyewe.

KWA NINI TETRASAIKLINI HAIPONYI FANGASI

Nataka niseme hapa kidogo kuhusu dawa za dukani. Mtu anawashwa miguuni, anakwenda dukani ananunua vidonge vya tetrasaiklini. Baada ya wiki miguu iko vilevile, na sasa mama ana muwasho na uchafu mweupe ukeni ambao hakuwa nao.

Tetrasaiklini, erithromaisini na kloramfeniko hufanya kazi kwa kuwabana mafundi ribosomu wa bakteria wasitunge protini. Bakteria asiyetunga protini hawezi kukua. Lakini ribosomu za fangasi ni za umbo jingine, zinafanana zaidi na za binadamu, na dawa haizishiki. Basi fangasi inabaki. Tena wale bakteria wema waliokuwa wakiibana Kandida wamekufa, ikapata uwanja. Kufanana huko kwa fangasi na sisi ndiko kunakofanya dawa za fangasi ziwe chache: sumu inayoiumiza fangasi ni rahisi ituumize na sisi.

Hata hivyo ipo dawa moja inayoingia kwa ujanja katika kazi ya kutunga protini. Inaitwa flusaitosini. Fangasi huimeza yenyewe, huigeuza, halafu inaichanganya kama herufi mbovu katika zile nakala zake, na kazi ya mafundi inavurugika. Chembe zetu hazina uwezo mkubwa wa kuigeuza, kwa hiyo tunanusurika, ingawa damu ya mgonjwa lazima iangaliwe. Utafiti uliofanyika Malawi, Zambia, Kameruni na hapa Tanzania, na kutangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba dawa hii ikiunganishwa na nyingine huokoa maisha ya wenye virusi vya Ukimwi waliopata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Mtu mwenye VVU anayeumwa kichwa kwa siku nyingi, kichwa kisichosikia dawa, aletwe hospitali. Asikae nyumbani akimeza panadoli.

UKUNGU WA GHALANI

Hamira inalinda ini. Ndugu yake wa ghalani analiua, na hapo ndipo ninapotaka kina baba nao wasome.

Ukungu uitwao Aspajilasi huota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Baadhi ya protini zake kazi yake ni kupika sumu, tuiitayo sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua ghafla katika mikoa ya Dodoma na Manyara yetu baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Macho yalikuwa ya manjano, matumbo yalivimba, wanatapika. Waliofariki walifika 20 hivi, na watoto walikuwemo.

Hiyo ni sumu nyingi kwa mara moja. Sumu kidogokidogo kila siku haionekani. Inapofika kwenye ini hugeuzwa, ikang'ang'ania kwenye rejista ya chembe zetu na kubadili herufi. Mahali inapopenda kuharibu ni kwenye neno la 249 la agizo liitwalo p53. Agizo hilo ndilo linalotunga protini ya kuzuia chembe zisizaliane ovyo. Herufi moja ikibadilika, shanga moja inakosewa, breki inakatika, na huo unaweza kuwa mwanzo wa saratani ya ini. Mtu mwenye kirusi cha homa ya ini B anayekula sumukuvu yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye kimoja kati ya hivyo viwili, kwa kuwa kila kimoja humzidishia mwenzake nguvu.

Kupika ugali hakuiondoi sumu hii. Kuyapika mahindi hayo pombe hakuiondoi. Ukimpa ng'ombe, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa na kumrudia mtoto wako. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na magunia yawekwe juu ya mbao. Kujua kama yamekauka, chukua chupa safi iliyo kavu kabisa, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga na utikise kwa dakika chache, kisha acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Yenye ukungu yachambue uyatupe, hata kama moyo unauma. Najua mwaka wa njaa ni vigumu kutupa debe la mahindi. Nimekulia huku.

JAMBO LA FRIJI

Wengine huuliza kwa nini siku nyingine tunawarudisha nyumbani bila chanjo. Kanzu zile za protini zimeshikizwa kwenye chumvi ya alumini. Joto huziharibu polepole, lakini barafu huziharibu mara moja: chumvi huganda mabonge na chanjo inakosa nguvu. Ni lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Nikishuku kwamba imeganda, huitikisa chupa na kuitazama inavyotuama ikilinganishwa na nyingine iliyogandishwa kwa makusudi. Ikituama haraka vilevile, siitumii. Afadhali mzazi anikasirikie kuliko nimchome mtoto maji.

Yule mama alikubali. Mtoto alilia kidogo, akanyonya, akalala. Alirudi wiki ya 10, ila wiki ya 14 hakuonekana. Alikuja baada ya miezi miwili akiwa ameona haya, kadi ameikunja ndani ya khanga, akidhani tutaanza upya au tutamgombeza. Hatuanzi upya. Dozi zilizokwisha kutolewa zinahesabiwa, mtoto anapewa ile iliyobaki. Kama kadi ya mwanao ina nafasi tupu mbele ya neno pentavalenti, mlete siku yoyote ya kliniki, na kadi yake uje nayo.